Gari la Wagonjwa Katika Mji wa London

 

Yako mambo ambayo kila mtu ameyaona kwa macho, lakini ni wachache waliopata kujua ndani yake mna nini. Moja katika hayo ni gari la wagonjwa. Kila aliyefika mjini amepata kuliona likipita mbio, king'ora kinalia, taa zinamemeteka, na magari mengine yanajitenga kando kulipisha. Mtu akiliona husema moyoni mwake, "Gari lile laenda kumwokoa mtu." Husema kweli, lakini si kweli yote. Gari ni mkono tu. Masikio yasikiayo kilio, na kichwa kiamuacho mkono uende wapi, viko mahali pengine, wala mpita njia havioni. Masikio na kichwa visipokuwa na utaratibu, mkono hata ukiwa na nguvu namna gani hautamfikia mgonjwa kwa wakati.

Jioni hii twapenda kueleza utaratibu huo, na watu waufanyao, kwa mfano wa mji wa London, mji mkuu wa Uingereza. Twauchagua mji huo si kwa kuwa mambo yake yote ni mazuri. La, hata kidogo. Twauchagua kwa kuwa umeifanya kazi hii muda mrefu, na makosa yake yamechunguzwa na kuandikwa wazi. Mwenye akili hujifunza kwa kosa la jirani bila ya kulipa gharama yake.

Kwanza na tupime ukubwa wa kazi yenyewe. London ina watu karibu milioni 9, nao wamekaa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,580. Simu za kuomba msaada wa wagonjwa zinazoingia huko kwa mwaka hufika kama milioni 2. Tukizigawanya kwa siku, twapata zaidi ya simu 5,000 kila siku; na tukigawanya tena, twapata karibu simu 4 kwa kila dakika moja, mchana na usiku, siku za kazi na siku za sikukuu. Hapana mji duniani uwezao kuweka gari moja mlangoni pa kila nyumba. Magari ni machache, na wenye haja ni wengi. Basi swali ambalo kila mji mkubwa hauna budi kulijibu ni hili: kati ya hawa wanne walioita katika dakika hii moja, nani apelekewe gari kwanza, na gari lipi, na kutoka wapi?

Zamani London haikuwa na jibu. Katika miaka ya 1880 halmashauri iliyosimamia hospitali za ndui na homa za kuambukiza iliweka magari ya kukokotwa na farasi. Sababu yake haikuwa huruma peke yake. Watu wenye ndui walikuwa wakipanda magari ya kukodi, na abiria waliofuata wakaketi pale pale, wakaupata ugonjwa. Kwa hiyo magari yale yaliwekwa ili kuwalinda wazima pamoja na kuwasaidia wagonjwa. Mtu aliyevunjika mguu barabarani hakuwa na sehemu katika magari hayo. Yeye alichukuliwa na polisi juu ya machela ya magurudumu, au katika gari lo lote lililopatikana karibu. Ilikuwa mwaka 1915 ndipo baraza la mji lilipoanza kupeleka magari kwa watu walioumia njiani.

Hata hapo lilibaki tatizo la kuita. Mwezi wa Novemba 1935 nyumba moja katika Wimpole Street iliungua, na wanawake 5 wakafa. Jirani aliyeuona moto alipiga simu, lakini simu yake ilikaa katika foleni pamoja na simu za mazungumzo ya kawaida, asipate wa kumjibu. Jirani yule aliandika barua ya manung'uniko gazetini, na jambo hilo likafika mpaka serikalini. Tarehe 30 Juni 1937 nambari 999 ilianza kutumika mjini London, nambari ya kwanza ya namna yake duniani. Mtu akiipiga, taa nyekundu iliwaka na honi ililia ndani ya chumba cha simu, ili mfanyakazi aiache simu nyingine na kuijibu ile kwanza. Hebu na tuitazame vema fikira hii, kwa kuwa ndiyo msingi wa mambo yote yanayofuata: kilio cha hatari kisipange foleni pamoja na maneno ya kawaida.

Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, mabomu yalipoanguka juu ya mji, maelfu ya watu waliojitolea, wengi wao wanawake, waliendesha magari ya kawaida yaliyogeuzwa kuwa ya wagonjwa. Baada ya vita, tarehe 5 Julai 1948, Huduma ya Afya ya Taifa ilianza, na gari la wagonjwa likawa haki ya kila mwenye haja pasipo kulipa nauli. Mwaka 1965 idara 9 zilizokuwa mbalimbali ziliunganishwa kuwa moja, ndiyo Idara ya Magari ya Wagonjwa ya London. Mji ni mmoja, na damu ikimwagika haiulizi mpaka wa wilaya uko wapi. Mwaka 1974 idara hiyo iliondolewa chini ya baraza la mji ikawekwa chini ya Huduma ya Afya, ili gari na hospitali viwe vya nyumba moja.

Sasa na tuifuate simu moja toka mwanzo hata mwisho. Tuseme mama mmoja akaaye mtaa wa Brixton, kusini mwa mto Thames, amesikia kishindo jikoni, akakimbilia huko na kumkuta mume wake amelala sakafuni. Anapiga 999.

Mtu wa kwanza kumjibu si wa hospitali. Ni mfanyakazi wa simu, naye ana swali moja tu: wataka zima moto, au polisi, au gari la wagonjwa? Akishajibiwa huipeleka simu mahali pake. Ndipo anapojibu mtu wa pili, mpokea simu wa Idara ya Magari ya Wagonjwa, aliyeketi mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni. Huyu aanza na swali liwezalo kumshangaza mtu: "Je, mgonjwa anapumua?" Haulizi kwanza jina, wala umri, wala ugonjwa ulianza lini. Asiyepumua ana dakika chache tu za kuwa hai, na mengine yote yaweza kungoja. Kisha auliza mahali, na hapo husisitiza mpaka apate hakika, maana hata daktari bingwa hamponyi mgonjwa asiyejulikana alipo.

Watu wengi hukasirika wakisikia maswali. Husema, "Mbona mwaniuliza mengi? Leteni gari!" Nasi twapenda kuliondoa kosa hili, kwa sababu limeenea kila mahali. Aulizaye maswali siye atumaye gari. Mpokea simu anapoandika neno kwenye kompyuta yake, mtu mwingine aliyeketi mahali pengine katika chumba hicho aliona neno hilo saa ile ile, na pengine gari limekwisha ondoka. Maswali yanayoendelea hayalichelewishi. Yawaambia waliomo garini ni kitu gani kinachowangoja, na yamwambia mpiga simu afanye nini kwa mikono yake mwenyewe.

Na afanye nini? Katika mfano wetu, mume hapumui. Mpokea simu amwambia yule mama: mlaze chali, piga magoti ubavuni pake, weka kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, ubonyeze kwa nguvu, kifua kishuke sentimeta 5 au 6, kisha ukiache kipande. Amhesabia kwa sauti, mara 100 hata 120 kwa dakika, wala haachi kumhesabia mpaka wasaidizi waingie mlangoni. Mama yule hakusoma uganga hata siku moja, lakini kwa dakika hizo ndiye aliyeushika uhai wa mumewe. Kwa kila dakika ipitayo moyo umesimama na hapana afanyaye neno, nafasi ya kupona hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Hesabu hii yaonyesha wazi kwamba hata gari likija kwa dakika 7, asipokuwako mtu wa kubonyeza kifua, laweza kukuta maiti. Kwa sababu hiyo vyombo vya kuushtua moyo kwa umeme vimewekwa katika stesheni, maduka na viwanja vya London, na raia waliojifunza na kujiandikisha hupata habari kwa simu zao za mkononi, ili aliye karibu akimbilie.

Turudi kwa wale watu wanne walioita katika dakika moja. Si kama dukani, ambako aliyetangulia ndiye ahudumiwaye kwanza. Simu zote hupangwa katika mafungu manne. Viwango vilivyowekwa mwaka 2017 kwa England yote ni hivi. Fungu la kwanza ni la wale walio mlangoni pa mauti, kama asiyepumua. Hao wafikiwe kwa wastani wa dakika 7. Fungu la pili ni la hatari kubwa, kama kiharusi au maumivu ya kifua. Hao wastani wao ni dakika 18. Fungu la tatu ni la wanaohitaji kutazamwa upesi lakini hawafi. Tisa katika kila kumi wa hao wafikiwe ndani ya saa mbili. Fungu la nne ni la wale wawezao kungoja zaidi, nao tisa katika kila kumi wafikiwe ndani ya saa tatu. Ziko siku nyingi ambapo viwango hivi havifikiwi, hasa katika fungu la pili, nasi tutasema sababu yake baadaye. Lakini kuwako kwake ni jambo kubwa, kwani kusipokuwa na kipimo hapana ajuaye kwamba amechelewa.

Katika chumba kile kile wapo pia wauguzi na wasaidizi wenye ujuzi mkubwa, ambao kazi yao ni kuwapigia simu tena wale wa mafungu ya chini. Wengine huona ya kuwa hawahitaji gari bali ushauri, au duka la dawa, au kwenda kumwona daktari kesho asubuhi. Mwingine, kinyume chake, alionekana hana neno, lakini mwuguzi alipomsikia sauti alitambua hatari, akampandisha fungu. Kwa njia hii gari moja lililookolewa hapa huenda kwa mtu mwingine kule. Tena iko nambari nyingine, 111, kwa wenye ugonjwa usio wa hatari, ili 999 ibaki kwa wenye haja kubwa.

Mtumaji wa magari, ambaye twaweza kumwita mgawa magari, ana ramani mbele yake kwenye kompyuta, na kila gari laonekana juu yake mahali lilipo. Magari hayalali katika vituo yakingoja. Kwa kuwa idara yajua kwa hesabu za miaka iliyopita ni wapi na saa ngapi simu huwa nyingi, magari hutumwa kusimama njia panda na mahali pengine penye watu hata kabla simu haijapigwa. Mgawa magari hufanya kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Akipeleka gari la mwisho kwa mtu aliyevunjika mkono, na dakika moja baadaye mtoto akapaliwa na chakula nyumba ya tatu, amelipeleka mahali pasipo pake. Akilizuia, aliyevunjika mkono aona ametupwa. Hapa haraka si baraka. Baraka ni kuchagua vema, tena kuchagua upesi.

Na waendao katika gari ni nani? Zamani walikuwa madereva wenye nguvu za kubeba machela na ujuzi mdogo wa kufunga bendeji. Siku hizi sivyo. Mkuu wa wagonjwa garini ni mtaalamu aitwaye paramediki. Jina hilo lalindwa na sheria. Mtu asiyeandikishwa hana ruhusa ya kujiita hivyo. Wengi wao husoma miaka 3 katika chuo kikuu, na wakati wa masomo hutoka na magari, wakijifunza kwa mikono chini ya macho ya wakubwa wao. Paramediki aweza kusoma mwendo wa moyo kwa mashine, kutoa dawa kali za maumivu, kutia dawa katika mshipa, kusaidia uzazi, na kumfungulia njia ya pumzi mtu aliyezibwa. Pamoja naye huwako mtu wa daraja la chini yake, aliyefundishwa kusaidia na kuendesha gari mbio pasipo kuua watu njiani, jambo ambalo nalo lina mafunzo yake peke yake. Juu ya paramediki wa kawaida wako wenye cheo cha ujuzi zaidi, ambao hutumwa peke yao kwa wagonjwa mahututi.

Si wote waendao kwa gari kubwa. Wako wa motakaa ndogo, wa pikipiki, na hata wa baiskeli, kwani katikati ya London, penye msongamano wa magari na watu, mwenye baiskeli aweza kufika kabla ya wote, mifuko yake ikiwa na dawa na chombo cha kushtua moyo. Tena tangu mwaka 1989 iko helikopta, inayolipiwa zaidi kwa sadaka za watu. Hiyo humchukua daktari na paramediki mpaka kwa mtu aliyeumia vibaya, na daktari aweza kumpasua kifua pale pale kando ya barabara ikiwa kungoja hospitali ni kufa. Usiku timu hiyo huenda kwa motakaa. Mmoja wao huketi katika chumba cha simu, akisikiliza simu zinazoingia, ili achague ni zipi chache kati ya maelfu zinazomhitaji daktari. Hapo twaona tena ya kuwa hata helikopta haina faida pasipo msikilizaji.

Tusiwasahau wale wasioonekana kabisa: mafundi watengenezao magari, wafagizi waoshao damu iliyomwagika garini, watunzaji wa ghala wahesabuo kila sindano na kila chupa ya oksijeni. Gari likitoka bila oksijeni ni kama askari aliyekwenda vitani na bunduki isiyo na risasi.

Wasaidizi wakishamtia mgonjwa garini, huja swali jingine: apelekwe hospitali ipi? Mtu atajibu mara moja, "Iliyo karibu." Kwa wagonjwa wengi ndivyo. Lakini tangu mwaka 2010 London imeweka hospitali 8 za kupokea wenye kiharusi kipya, na hospitali 4 za kupokea walioumia vibaya sana, nazo ni Royal London, King's College, St George's na St Mary's. Katika hospitali hizo wataalamu na vyombo viko tayari usiku na mchana. Kwa hiyo gari lenye mtu wa kiharusi hupita mbele ya mlango wa hospitali iliyo karibu, likaendelea mbele. Ndugu wa mgonjwa wasioelewa hupiga kelele. Lakini afadhali dakika 10 zaidi njiani, ufike penye mtu ajuaye, kuliko kufika upesi mahali utakapongoja mpaka aitwe.

Tumesema kuwa tutataja na makosa. Kosa kubwa lilitokea tarehe 26 Oktoba 1992. Kabla ya hapo mpokea simu aliandika habari kwa kalamu katika karatasi maalumu, akatafuta mahali katika kitabu cha ramani, akaiweka karatasi juu ya ukanda unaokwenda, nao ukaipeleka mpaka kwa wagawa magari. Ilikuwa kazi ya polepole, na karatasi ziliweza kupotea. Wakubwa wakaamua kompyuta ifanye kazi hiyo, tena mji wote kwa siku moja. Lakini programu ilikuwa haijajaribiwa vya kutosha, na wafanyakazi hawakufundishwa vya kutosha wala hawakuiamini. Siku ile kompyuta ilipoteza habari za magari yako wapi. Mahali pengine yalikwenda magari mawili kwa mgonjwa mmoja; mahali pengine halikwenda hata moja. Watu waliokata tamaa ya kungoja walipiga tena na tena, na simu zao za pili na za tatu zikaongeza mzigo. Kesho yake wakarudia sehemu ya njia ya zamani. Na tarehe 4 Novemba kompyuta ikakwama kabisa, wakazishika kalamu zao tena. Mkuu wa idara alijiuzulu, na uchunguzi ukafanywa na kutangazwa.

Funzo lake ni nini? Si kwamba mashine ni mbaya. Kompyuta zilirudi baadaye, kwa hatua ndogo ndogo, na leo London haiwezi kufanya kazi bila hizo. Funzo ni kwamba magari yalikuwa yale yale, madereva wale wale, hospitali zile zile. Kilichoharibika ni utaratibu wa kusikia na kuchagua, na mji mzima ukawa kama mtu mwenye mikono imara lakini hasikii.

Shida nyingine ipo hata leo. Gari likifika hospitali na vitanda vimejaa, wasaidizi hawawezi kumwacha mgonjwa ukumbini wakaondoka. Hungoja naye mpaka apokewe, na gari lao hufungwa pale, hali simu nyingine zinalia. Hii ndiyo sababu kubwa mojawapo ya wale wa fungu la pili kuchelewa kufikiwa. Mwaka 2023 idara ya London iliziambia hospitali ya kuwa baada ya dakika 45 wasaidizi watamkabidhi mgonjwa na kurudi njiani. Wengine waliona neno hilo kuwa kali. Lakini mgonjwa aliye hospitalini yuko chini ya paa lenye madaktari, na yule aliye sakafuni nyumbani hana mtu. Uamuzi huo ulikuwa wa kumkumbuka asiyeonekana.

Tena wasaidizi wenyewe ni haba. Zamu zao ni ndefu, mara nyingi saa 12, na mambo wayaonayo ni mazito: leo mtoto aliyezama majini, kesho kijana aliyechomwa kisu. Wako wanaoichoka kazi wakaiacha. Tangu mwaka 2014 London imekwenda kuajiri paramediki mpaka Australia, safari ya nusu ya dunia, kwa kuwa gari laweza kununuliwa kwa mwezi mmoja, lakini mtu wa kuketi ndani yake hachukui chini ya miaka mitatu kufundishwa.

Sasa huenda msikilizaji asema, "Haya ni mambo ya London, sisi kijijini kwetu hatuna helikopta." Ni kweli. Lakini lile lililo kubwa katika habari hii halihitaji helikopta. Katika Tanzania uko mpango uitwao m-mama, wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga walio katika hatari. Nambari yake ni 115. Anayejibu huuliza maswali, hupima hatari, kisha hutafuta gari. Na kama gari la wagonjwa haliko karibu, huitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa mbele, naye hulipwa nauli na mpango wenyewe. Gari ni lile lile lililokuwa likibeba mahindi na abiria. Kilichoongezwa ni sikio la kusikia na kichwa cha kuchagua. Kenya nayo hutumia nambari ile ile ya London, 999, kwa kuita msaada wa hatari.

Basi na kila nyumba ijiulize mambo matatu. La kwanza: nambari ya kuita msaada katika nchi yetu ni ipi, na je, watoto waijua? La pili: kama ningeulizwa usiku huu, "Uko wapi?", ningejibu nini? Vijiji vingi havina majina ya njia wala nambari za nyumba, lakini kila kijiji kina mbuyu, au kisima, au msikiti, au kanisa, au duka lijulikanalo na wote. Mtu na ajizoeze kusema: toka barabara kuu, pinda kushoto penye shule, vuka daraja, nyumba ya nne yenye mlango wa buluu. Walimu wawape wanafunzi zoezi hilo darasani, kila mmoja aieleze njia ya kwao kwa maneno machache, na mwenziwe ajaribu kuichora. La tatu: yuko nani kati yetu ajuaye kubonyeza kifua na kuzuia damu? Asipokuwako, na apatikane wa kujifunza.

Siku ya hatari ikifika, anayetangulia katika safu ile ndefu ya waokoaji si dereva, wala paramediki, wala daktari. Ni yule aliyeita, akajibu maswali bila ya kugombana, akataja mahali kwa usahihi, na mikono yake ikafanya alivyoambiwa. Huyo halipwi mshahara, wala hana sare. Naye aweza kuwa mtoto wa miaka kumi.